Programu Hazihami

Ugomvi wangu na Mama ulianza na sentensi moja niliyoisema kwa simu, nikiwa ndani ya matatu Thika Road, jioni ya Jumatano.

"Usijali Mama. Faili zote zitahama. Programu ndizo hazihami."

Kimya. Nikadhani simu imekatika.

"Hazihami kwa nini?"

"Ndivyo kompyuta zilivyo. Tutaweka zingine."

"Zingine utazitoa wapi na watu wameshazikwa?"

Tulikuwa tumefika Roysambu ndipo nikashika anachosema. Mimi hulipwa kukaa kwenye dawati la msaada la kampuni moja hapa Nairobi, nikiwaambia watu wazima wazime mashine halafu waiwashe tena. Kwangu programu ni Word, ni Publisher, ni antivairasi. Mama naye ana saiba Voi tangu 2011. Kwake programu ni ile karatasi unayopewa ukifika mazishini: picha ya marehemu mbele, ratiba ya ibada ndani, wasifu, orodha ya familia, nyimbo upande wa nyuma. Amezitengeneza kwa miaka 14. Kama umewahi kufiwa Voi, Mwatate au kule Sagalla, huenda mtu wenu alipita mikononi mwake.

"Hizo zitahama Mama," nikasema. "Hizo ni faili."

"Si umesema haziendi?"

"Nilisema programu."

"Na mimi nimesema programu."

Abiria aliyekuwa kando yangu akachomoa kisikilizio kimoja ili atusikie vizuri.

Alikuwa amenipigia kwa sababu mashine kubwa imeanza kugonga. Saiba ina kompyuta nne, lakini mashine kubwa ni moja, ile ya karibu na ukuta, yenye kila kitu. "Inafanya tik, tik, tik," alisema, "kama mtu anabisha kwa kucha." Mtu wa kazi yangu akisikia hivyo, tumbo linabana. Diski za zamani zina sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na juu yake kuna kichwa kidogo kinachosoma bila kuzigusa. Ukisikia mlio huo, mara nyingi kichwa kinatafuta mahali pake hakipati, kinarudi, kinajaribu tena. Jaribio lolote laweza kuwa la mwisho. Nikamwambia azime.

"Nizime? Unajua huu ni mwezi gani?"

Nilijua. Ilikuwa Juni 2025. Tarehe 30 ndiyo mwisho wa kupeleka ritani za KRA, na mwezi huo benchi la Mama hujaa walimu, watu wa bodaboda na vijana wasio na kazi wanaopeleka ritani ya sufuri.

"Ritani zifanyie kwa zile ndogo. Hiyo izime, ung'oe hata plagi."

"Nikizima haitawaka."

"Ndiyo maana."

Mashine kubwa aliileta kaka yangu. Alikuwa chuo kimoja Mombasa, akisomea kompyuta, kisha siku moja akarudi nyumbani na mkoba wake na kusema anapumzika kidogo. Mama akakopa kwenye chama, wakakodi chumba karibu na stendi, na kaka akaipanga saiba kuanzia waya hadi maneno ukutani: KUCHAPA, KUSKANI, KADI ZA HARUSI, PROGRAMU ZA MAZISHI. Yeye ndiye aliyeweka kila kitu ndani ya mashine hiyo. Alimfundisha Mama kuchapa kwa vidole vyote kumi, mama ambaye kabla ya hapo alikuwa anauza mitumba. Mwaka 2016 pikipiki ikamuua kwenye barabara ya kwenda Mwatate. Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyeruhusiwa kubadilisha chochote kwenye mashine yake. Mara tatu nilijitolea kununua nyingine. Mara ya kwanza Mama alisema pesa nitunze. Mara ya pili akasema ameizoea. Mara ya tatu akasema, "Hii inanijua," nami nikanyamaza.

Windows 7 iliyokuwa ndani yake ilikoma kupata ulinzi tarehe 14 Januari 2020. Niliogopa virusi miaka yote hiyo, kumbe kitakachoimaliza ni uzee wa kawaida, kama wa goti.

Kesho yake nilipitia Moi Avenue baada ya kazi. Muuzaji akanionyesha kompyuta ndogo ya mezani, ex-UK, bei nzuri. Nikaiwasha, nikaangalia prosesa, nikamrudishia. Isingekubali Windows 11, na Windows 10 mwisho wake ulikuwa umetangazwa: 14 Oktoba 2025. Singemhamisha Mama kutoka nyumba moja inayoanguka kwenda nyingine yenye notisi. Nikaongeza pesa, nikachukua ya kizazi cha nane, yenye diski ya SSD isiyo na kitu kinachozunguka. Nikanunua pia diski ya nje na ile waya ya kuunganisha diski ya ndani kwa USB. Jumamosi nikapanda treni ya asubuhi. Pale steshini ya Syokimau tukaambiwa tupange mizigo chini kwa mstari, mbwa wa usalama akapita akainusa kompyuta ya Mama na kuendelea.

*

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Umekonda. Nimeshakusaidia kazi."

Akanipa flashi. Aliwasha mashine tena Ijumaa, licha ya yote niliyosema, na kuhamisha programu mwenyewe. Zile zangu za kompyuta, si zake. "Ili ukija usihangaike." Nikachomeka flashi kwenye lapi yangu. Vilikuwemo vijipicha kumi na kimoja vya kwenye skrini, Word, Publisher, printa, vyote vikiwa na kale kamshale kadogo pembeni. Kwa jumla havikufika uzito wa picha moja ya WhatsApp.

Kumcheka singeweza. Nimeona watu wenye digrii wakifanya hivyo hivyo. Nikamweleza kwamba hicho kijipicha si programu. Ni kibao kinachoonyesha njia ya kwenda ilipo programu. Na programu yenyewe haikai mahali pamoja. Siku unapoiweka, inajigawa: sehemu kubwa inaingia kwenye Program Files, nyingine kwenye folda za Windows, inajiandikisha kwenye rejista ya mashine, na mazoea yako, yaani jinsi unavyopenda mambo yakae, yanawekwa kwenye folda iliyofichwa inayoitwa AppData. Hata ukibeba folda nzima ya Program Files, ukifika ng'ambo programu itauliza vitu vyake vingine viko wapi, halafu itakataa kuamka. Ndiyo maana huwa hatuihamishi. Tunaiweka upya.

Mama alifikiri kidogo. "Kwa hivyo hizi ni anwani tu."

"Anwani tu."

"Kama kitambulisho changu. Kimeandikwa Wundanyi, na ile nyumba ilianguka zamani."

Nikafungua mashine kubwa. Vumbi jekundu la Voi lilikuwa limejaa ndani kama mtu amesagia tofali humo, na chini ya feni palikuwa na mjusi mkavu. Nikaitoa diski. Sikutaka kuiwasha mashine nzima, maana Windows ikiamka inaanza kusoma na kuandika huku na kule kwa mambo yake yenyewe, na diski hii haikuwa na nguvu za kupoteza. Nikaiunganisha kwa waya kwenye lapi yangu kama mgonjwa aliyewekewa dripu. Ikazunguka. Tik. Tik. Halafu folda zikajitokeza.

"Mama, hatujui itakaa hai muda gani. Niambie tuanze na nini."

"Mazishi," akasema bila kufikiri.

"Kabla ya harusi? Kabla ya hesabu za biashara?"

"Harusi wanaweza kurudia. Wengine hata wamesharudia, na mtu mwingine. Mazishi hayarudiwi."

Nilidhani ni huruma inaongea. Kumbe ni biashara, na ni zaidi ya biashara. Familia hurudi kwa Mama baada ya mwaka kutaka karatasi ya kumbukumbu. Hurudi kutafuta picha, kwa sababu ile ya kwenye simu ilienda na simu. Hurudi wakati wa kugawana shamba, kuangalia nani aliandikwa mtoto wa ngapi na tarehe gani. Kuna folda ya mzee mmoja ina faili saba. Ya kwanza inaitwa MZEE. Ya pili MZEE MWISHO. Ya tatu MZEE MWISHO MKE WA PILI. Inayofuata ni MZEE BAADA YA KIKAO. Ya saba inaitwa MZEE YA CHIFU, na hiyo ndiyo iliyochapishwa, nakala 300. Mama hakufuta hata moja. "Siku wakirudi kusema sikuandika hivi," aliniambia, "ninayo."

Folda ya MAZISHI ilikuwa na faili 1,846. Kukopi kwa kuburuta na panya kungekwama kwenye faili mbovu ya kwanza, kwa hivyo nikatumia robocopy, amri ya zamani iliyomo ndani ya Windows. Ina tabia moja ya ajabu. Usipoielekeza, ikikutana na faili isiyosomeka inajaribu tena mara 1,000,000, na kila mara inangoja sekunde 30. Nimewahi kupiga hesabu: ni karibu mwaka mzima, kwa faili moja. Kwenye diski inayokufa huo ni upumbavu. Nikaiambia ijaribu mara moja tu, ikishindwa ipite. Waliokufa wapya na wa zamani wakaanza kuteremka kwenye skrini nyeusi, jina baada ya jina. Mama akavuta kiti. Kila jina alikuwa na neno. "Huyu alikuwa mwalimu wangu." "Huyu hawakunilipa hadi leo." "Huyu mtoto, Mungu wangu."

Saa moja na nusu baadaye amri ikamaliza. Zilizoingia: 1,837. Zilizoshindikana: 9.

Nikapandisha orodha ya zilizoshindikana haraka haraka, na kwenye mstari wa sita nikaona jina la kaka.

"Zimeingia zote?" Mama akauliza.

"Karibu zote."

"Yake?"

Ninafanya kazi ya kuwaambia watu habari mbaya kuhusu mashine. Ninajua sauti ya kutumia. Sikuipata.

"Yake bado."

Mama akaitazama ile diski iliyolala mezani kwenye kitambaa, ndogo kuliko kitabu cha nyimbo. "Jaribu tena," akasema.

*

Nilifanya kwanza kile ambacho ningemwambia mteja yeyote: okoa kilicho hai kabla ya kuhangaika na kinachokufa. Nikaleta harusi, barua za chifu, hesabu, picha. Nikaleta fonti, kwa sababu fonti, tofauti na programu, huhama vizuri tu, na bila hizo karatasi zote za Mama zingefunguka zimevurugika, majina ya wajukuu yakirukia ukurasa wa nyimbo. Nikaleta pia ile folda iliyofichwa ya AppData, nzima, bila kuchagua.

Kisha, saa tatu usiku, nikairudia amri kwa ile faili moja. Na safari hii sikuandika kikomo.

Sijui niseme nini kuhusu hilo. Kitaalamu nilijua. Kama ningekuwa na diski nyingine kubwa ya kutosha, ningenakili diski yote kwanza, sehemu kwa sehemu, ndipo nihangaike na nakala. Sikuwa nayo. Nilikuwa na mama aliyesema jaribu tena, na amri iliyokuwa tayari kujaribu mara milioni. Tukafunga mlango wa saiba kwa ndani, tukala wali na maharagwe kwenye meza ya kuskani, tukikaa na ule mlio. Tik. Tik. Kimya cha sekunde 30. Tik. Mama akalala kwenye kiti amejifunika leso. Mimi nikahesabu hadi nikachoka.

Stima ilipotea kama saa tisa usiku. Lapi ilibaki na betri, lakini kufikia alfajiri nayo ilikuwa imezima. Stima iliporudi nikaunganisha kila kitu upya. Diski haikuzunguka. Haikugonga. Nikaiweka sikioni, kama watoto wanavyofanya na kombe la baharini. Hakuna.

"Kuna watu wanaoweza kuifungua," nikamwambia Mama. "Wana vyumba visivyo na vumbi kabisa. Lakini bei yake inaweza kuzidi hii kompyuta mpya, na hawaahidi kitu."

Mama akakunja leso yake taratibu. "Imetosha. Ilijaribu."

Akatoka. Nikadhani amekwenda kulia. Akarudi na Biblia yake, na ndani yake, kwenye Zaburi, ile programu yenyewe, ya karatasi, imekunjwa mara mbili, pembe moja ina doa la chai.

"Weka hiyo mashine yako mpya sawa," akasema. "Tutaichapa."

*

Kuweka programu upya ni kazi ya kungoja. Publisher ya zamani ilikuja na CD ambayo kaka peke yake ndiye aliyejua ilipo. Nikalipia usajili wa Microsoft kwa kadi yangu, huku nikimweleza Mama ukweli mwingine mchungu: Publisher yenyewe inaondoka. Microsoft imetangaza kwamba Oktoba 2026 ndiyo mwisho wake, na baada ya hapo mwenye usajili hataweza kufungua faili za Publisher kwa Publisher. Ipo LibreOffice, ya bure, inayoweza kuzifungua, lakini mpangilio mara nyingi unateteleka. Kwa hivyo kila programu ya Mama lazima pia isevuliwe kama PDF, ambayo hata simu inaifungua.

"Zote? Elfu moja na mia nane?"

"Una hadi mwaka ujao."

"Na wewe una likizo lini?"

Hilo nikaliacha.

Printa ilipokubali na Publisher ikafunguka, Mama akakaa kitini pake. Akaweka karatasi ya kaka kando ya kibodi, akaibana kwa kalamu, akaanza. Baada ya mistari minne akaacha.

Kila kitu kilikuwa na mstari mwekundu chini. Jina la kaka, la baba yetu, la bibi. Werugha nyekundu. Mbololo nyekundu. Mwatate nyekundu. Kwa mashine mpya, ukoo wetu mzima ulikuwa makosa ya tahajia.

"Hii mashine haijui mtu," Mama akasema.

"Zile nyekundu hazichapishwi, Mama. Ni za skrini tu."

"Najua. Lakini ile nyingine haikuwa hivi."

Na hapo nikakumbuka. Unapobofya neno lenye mstari mwekundu na kuiambia Word ilikubali, neno hilo halipotei. Linaandikwa kwenye kafaili kadogo ndani ya AppData, kwenye folda inayoitwa UProof. Faili yenyewe ni CUSTOM.DIC. Haina ufundi wowote, ni orodha tu, neno moja kwa kila mstari, na unaweza kuifungua hata kwa Notepad. Nikaitafuta kwenye vile vitu nilivyovikomba usiku bila kuchagua. Ilikuwemo.

Nikaifungua, tukaisoma pamoja. Ilikuwa Taita Taveta yote. Vijiji, mito, makanisa, majina ya watu, ya kuzaliwa, ya utani, ya babu za babu. Kwa miaka 14, kila aliyeletwa kwa Mama akiwa na mstari mwekundu chini ya jina lake, Mama alibofya na kuiambia mashine: huyu yupo. Hakujua kwamba alikuwa anaandika kitabu. Alikuwa tu hapendi kuona jina la mtu likipigwa mstari siku ya msiba wake.

Katikati ya orodha nikaona neno "marhemu".

"Hii ni nini?"

Mama akainama karibu na skrini. Halafu akaanza kucheka, kicheko ambacho sikukisikia nyumbani kwetu kwa muda mrefu. "Ni kakako! Alikuwa anachapa mbio, anakubali kila kitu, ndiyo, ndiyo, ndiyo. Miaka yote hii 'marhemu' inaponyoka na mashine hainiambii. Nimerudia kuchapa nakala 150 za watu kwa gharama yangu kwa sababu ya hilo neno. Nilidhani ni macho yangu."

"Nilifute ama niliache?"

Najua nilitaka aseme niliache. Lilikuwa kosa lake kwa mkono wake, na usiku huo huo tulikuwa tumeipoteza faili yake.

"Lifute," Mama akasema, akipangusa macho. "Watu wanalipa."

Nikalifuta. Nikaipeleka faili kwenye mashine mpya, mahali pake, nikafunga Publisher na kuifungua tena. Mistari myekundu ikaondoka. Jina la kaka likabaki limesimama lenyewe, jeusi, kama jina la mtu yeyote.

*

Tukabadilishana. Mama akasoma, mimi nikachapa. Alizaliwa. Alibatizwa. Alisoma shule ya msingi hii na sekondari ile. Kisha Mama akasoma, "Alihitimu stashahada ya kompyuta," na vidole vyangu vikakataa.

"Mama, hakuhitimu."

"Najua. Mimi ndiye niliyeiandika."

"Basi tusiirudie."

"Siku ile kanisa lilijaa watu aliosoma nao. Ulitaka niandike aliacha? Ule haukuwa uongo, ilikuwa heshima."

"Aliacha kwa sababu yangu."

Sijawahi kulisema hilo kwa sauti. Niliingia Form One, shule ya bweni, mwanzoni mwa 2010. Yeye akarudi kutoka Mombasa mwaka huo huo. Hakuna aliyewahi kuniambia kitu, lakini mtoto hujua kuhesabu. Na usiku ule, zile faili zikipita kwenye skrini, niliona folda yenye jina la shule yangu, ndani yake risiti za karo alizoskani moja moja, muhula kwa muhula, hadi 2013.

Mama hakuinua macho. Alinyoosha ile karatasi kwa kiganja. "Aliacha kwa sababu tulikuwa na karo ya mtoto mmoja, na yeye alikuwa na mikono. Usijipe ukubwa."

Nje mtu alikuwa anabisha, ni nani anafunga saiba Jumapili nzima mwezi wa ritani. Hatukuitika.

"Andika 'alisomea kompyuta'," Mama akasema hatimaye. "Ni kweli, na haimdai mtu."

Nikaandika alisomea kompyuta. Nikangoja sentensi inayofuata. Kwenye karatasi ilikuwa inaruka moja kwa moja hadi ajali, kwa sababu 2016 hatukuona kama chumba kimoja karibu na stendi ni kitu cha kusomwa kanisani. Mama akaiweka chini karatasi, akaangalia ukuta, yale maneno ya rangi ya buluu, herufi za kaka zinazopanda kidogo upande wa kulia.

"Ongeza: Mwaka 2011 alifungua saiba hii, na akamfundisha mama yake kuchapa."

Nikaongeza. Tukaisevu mara tatu: kwenye mashine, kwenye diski ya nje inayokaa nyumbani na si saibani, na mtandaoni. Ukiwa na lapi ya zamani kabatini unayosema utaishughulikia wikendi, fanya hivyo hivyo, na uanze na kile usichoweza kukirudia. Na kabla ya kuitupa, fungua zile folda zilizofichwa. Zile za wazi unajua zina nini.

Kasha la mashine kubwa tulilipangusa. Sasa linabeba printa, maana meza ya printa ilikuwa fupi tangu zamani. Diski iko ndani ya Biblia, kwenye Zaburi. Karatasi alinipa mimi.

Nilimfungulia mlango aliyekuwa anabisha. Hakuja kwa ritani. Alikuwa kijana wa rika langu, viatu vina udongo, ameshika simu yenye picha ya mzee anayecheka. Akauliza kama programu za mazishi bado zinatengenezwa hapa, amesikia mashine imeharibika.

Mama alikuwa ameshafungua ukurasa mpya.

"Pole sana, mwanangu. Keti. Marehemu anaitwa nani? Nitajie polepole, jina kwa jina."